Nani Anaipima Sahani Yako?

Saa saba mchana, Kariakoo au Buguruni, mtazame mama lishe anavyopakua. Mwiko unazama kwenye sufuria la wali mara tatu bila kuhesabiwa, na ukisema "mama, ongeza kidogo", unaongezwa. Maharage yanafuata kwa ukarimu uleule. Ikifika zamu ya nyama mkono unabadilika. Vipande vinahesabiwa, vitatu, kimoja kina mfupa, na hapo hakuna cha kuongeza kidogo. Mchicha unawekwa pembeni, kijiko kimoja. Mwisho mchuzi unamwagwa juu ya wali, mafuta yakielea, wala huulizwi kama unautaka.

Karibu kila kitu kuhusu ukubwa wa chakula cha hotelini kimo katika dakika hiyo. Kinachotolewa kwa wingi ni kilicho rahisi kwa bei, na kinachobanwa ni kilicho ghali au chenye kazi nyingi ya kuandaa. Mwenye biashara hapimi tumbo lako. Anapima bei ya mchele na mafuta aliyonunua asubuhi, halafu anapima jicho lako, maana anajua mteja akiona sahani imelala chini, kesho atahamia kwa jirani. Kwa hiyo anayetaka kupunguza anachokula nje ya nyumbani hashindani na uroho wake peke yake. Anashindana na hesabu za biashara, na hesabu hizo mara nyingi hubadilika kwa maneno machache, ilimradi yasemwe kabla mwiko haujaingia kwenye sufuria.

Jambo hili limekuwa zito kuliko zamani. Mfanyakazi wa jijini anayetoka nyumbani Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri na kurudi usiku anakula milo miwili kati ya mitatu mikononi mwa watu wengine. Wakati huohuo uzito unapanda. Katika tafiti za taifa za demografia na afya nchini Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa karibu asilimia 22 mwaka 2010, wakafika karibu 28 mwaka 2015 na 2016. Kenya, utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja. Takwimu hizo hazisemi kwamba uzito huo umetoka hotelini, na anayesema hivyo anaongeza chumvi. Kukaa ofisini, bodaboda mpaka mlangoni na sukari ya chai ya nyumbani navyo vimo. Lakini mlo wa nje ndio tusioujua vizuri, kwa sababu hatukushika chupa ya mafuta wenyewe.

Tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya huishia kulaumu ugali. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na protini hivyohivyo. Pombe hutoa 7 na mafuta 9. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga, ambao ni ugali wa kushibisha mtu, una kalori 540 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu 120. Vijiko vinne na nusu vya mafuta, basi, ni sawa na ugali wote huo. Tofauti ni kwamba ugali unauona ukiwa mezani, mafuta yameshaingia ndani ya bilinganya na hayaonekani tena.

Mahali pazuri pa kuliona hili ni kwenye kibanda cha chipsi usiku. Kijana anachota viazi vilivyokwisha kukaangwa tangu jioni, anavimwaga kwenye kikaangio, anamimina mafuta kutoka kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, anazungusha mkono mara mbili, tatu, kisha anapasua mayai mawili. Tuchukue kwamba viazi vilikuwa gramu 300 vikiwa vibichi. Vingechemshwa tu, vingekuwa na kalori zisizozidi 240. Baada ya kuzama kwenye karai la mafuta maji yamepotea, mafuta yamechukua nafasi yake, na sasa ni 430 au zaidi. Mayai mawili yanaongeza 150. Ile mizunguko ya chupa, ikiwa ni vijiko viwili tu, ni 240 nyingine. Chipsi mayai hiyo inazidi 800, na kati ya hizo karibu nusu ni mafuta ambayo hakuna aliyeyaagiza kwa jina. Viazi havina kosa, mayai nayo hayana. Anayeagiza chipsi mayai kila usiku na kujinyima mkate asubuhi amekosea mahali pa kubana.

Ongeza soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, kalori 150. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na likasema ingefaa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imeshavuka kiwango hicho cha pili kabla hujaonja chai. Dafu, kwa kulinganisha, lina maji ya kalori 60 hivi, na linauzwa barabara ileile. Juisi ya embe au ya parachichi ya mgahawani haina huruma kuliko soda ikiwa imetiwa sukari, na mara nyingi imetiwa.

Kuna mlo mwingine unaodanganya zaidi, kwa sababu umevaa sura ya chakula chepesi: supu na chapati za asubuhi. Supu yenyewe haina tatizo. Lakini chapati ya kusukuma yenye gramu 60 za unga, iliyopakwa mafuta ndani wakati wa kukunja na nje wakati wa kuchoma, ina karibu kalori 300. Mbili ni 600. Ukijumlisha bakuli la supu lenye nyama na mafuta ya juu, umekula kama kalori 850 saa mbili asubuhi, na saa nne bado unatarajia chai na sambusa. Mwenye kula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi kwenye benchi la jirani, ambaye wenzake wanamwonea huruma, anaweza kuwa amekula nusu ya hizo.

Hapo ndipo inafaa kuuliza swali ambalo hujibiwa haraka mno: je, lawama ni za vyakula vya kigeni, baga na kuku wa ndoo? Mwaka 2018 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliochukua sampuli za vyakula kutoka migahawa 111 katika nchi tano, Brazil, China, Finland, Ghana na India, na kuvipima nishati maabara. Vyakula vya migahawa ya kawaida, ile ya kukaa mezani na kuhudumiwa, vilikuwa na wastani wa kalori 1,317. Vile vya haraka vilikuwa na 809. Asilimia 94 ya milo ya migahawa ya kawaida ilivuka kalori 600, na ya haraka 72. Ghana imo humo, na chakula chake cha hotelini kinafanana na chetu kwa umbo: wanga mwingi, mchuzi wa mafuta, kipande cha nyama au samaki. Sioni sababu ya kudhani sahani ya Ubungo ingepita mtihani huo vizuri. Pilau na biriani ni vyakula vyetu, vya heshima, na vina mafuta kuliko vingi tunavyovilaumu.

Kwa nini basi mtu asile mpaka ashibe, kisha aache? Kwa sababu tumbo halisomi sahani, jicho ndilo linalosoma. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake wa Penn State, Marekani, waliwapa watu makaroni yenye jibini katika viwango tofauti, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Waliopewa kingi zaidi walikula nishati zaidi kwa asilimia 30 kuliko walipopewa kidogo, na walipoulizwa kuhusu njaa na shibe, majibu yao hayakutofautiana. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio mengi ya namna hiyo, yalithibitisha jambo lilelile: ukipewa sahani, pakiti au kipimo kikubwa, unakula zaidi. (Tahadhari ndogo kwa wapenzi wa makala za afya: nyingi ya hadithi tamu kuhusu rangi ya sahani na mbinu za mezani zilitoka kwa Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye mwaka 2018 chuo chake kilimkuta na hatia ya ukiukaji wa maadili ya utafiti, na makala zake kadhaa zikaondolewa majaridani. La Rolls limesimama.)

Jaribio la Rolls lina maana kubwa kwetu, kwa sababu tumefundishwa kumaliza. Kubakisha chakula ni dharau kwa mpishi, na kwa aliyewahi kulala njaa ni zaidi ya dharau. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya, kwamba kula nusu kisha sukuma sahani, hauingii. Mtu aliyekuzwa kwa kuambiwa asitupe chakula hawezi kuanza kukitupa akiwa na miaka 40, na sidhani ni vizuri aanze. Kinachowezekana ni kutokiweka kwenye sahani tangu mwanzo.

Na hakuna mahali hilo ni gumu kama kwenye bufe. Watu wa semina na warsha wanalijua vizuri. Foleni inaanzia kwenye sahani, na sinia la kwanza ni wali mweupe, la pili pilau, la tatu ndizi za nazi, la nne chipsi au tambi. Ukifika kwenye kuku umeshajaza, na kwenye kuku kumesimama kijana mwenye koleo anayekupa kipande kimoja na kukutazama usoni. Mboga za majani zipo mwisho, karibu na kachumbari, na hapo sahani haina nafasi ila juu ya mlima. Mpangilio huo una akili yake. Hoteli imelipwa kwa kichwa, na kila mwiko wa wali unaopakua mwenyewe unapunguza hamu yako ya nyama. Sijawahi kuona bufe iliyoanza na mchicha, na sitarajii.

Dawa yake ni rahisi ila inataka uso mkavu. Usishike sahani kwanza. Tembea upande wa pili wa meza, uone vyote vilivyopo, uamue aina moja ya wanga, kisha ndipo upange foleni. Ukiweza kuanzia mwisho, anzia mwisho, jaza nusu ya sahani mboga na kachumbari, halafu rudi kwenye wali. Utaambiwa unavuruga foleni. Chai ya saa nne nayo ina mtego wake: sambusa, soseji, andazi na yai huwekwa kana kwamba vyote vinne ni kifungua kinywa kimoja, wakati kila kimoja kinaweza kusimama peke yake.

Harusini mambo ni mengine kabisa, kwa sababu mgeni ameshachanga. Aliyelipia kadi ya watu wawili anapanda foleni ya chakula akiwa na nia ya kula mchango wake mpaka shilingi ya mwisho, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu. Ila ukumbini chakula hutolewa usiku sana, baada ya hotuba, wageni wakiwa wameshakunywa kwa tumbo tupu. Ndizi moja na karanga za kukaanga bila mafuta kabla ya kutoka nyumbani hufanya kazi kuliko azimio lolote utakaloliweka ukiwa na njaa ya saa tano usiku.

Kuhusu kuandika kalori kwenye menyu, jambo linalopendekezwa mara kwa mara, sina matumaini makubwa. Jiji la New York lilianza mwaka 2008, Marekani nzima ikafuata Mei 2018 kwa migahawa yenye matawi 20 au zaidi, na Uingereza ikalazimisha kampuni kubwa Aprili 2022. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2025 yalikuta kwamba maandishi hayo hupunguza ulaji kwa asilimia 1.8, yaani kalori 11 katika mlo wa 600. Kijiko cha sukari kina zaidi ya hizo. Na ukilileta huku, unaliweka wapi? Mama lishe hana menyu ya kuandika, na mafuta ya leo si sawa na ya jana. Programu za simu zinazokuambia chipsi mayai ina kalori 687 zinakupa uhakika ambao hata mkaangaji hana. Wenye hamu ya tarakimu wanaweza kufungua majedwali ya viini vya chakula ya Tanzania ya mwaka 2008 au ya Kenya ya mwaka 2018, lakini hayo ni ya kujifunzia nyumbani, si ya kutoa mfukoni ukiwa umekaa kwenye benchi.

Kipimo cha kubeba mfukoni kipo, nacho ni mkono wako. Kwa wagonjwa wa kisukari imeenea njia ya viganja ambayo asili yake ni Zimbabwe: wanga usizidi ngumi zako mbili, nyama au samaki ukubwa wa kiganja na unene wa kidole kidogo, mboga kadiri viganja viwili vitakavyobeba, mafuta ncha ya dole gumba. Uzuri wake ni kwamba mtu mkubwa ana ngumi kubwa. Weka ngumi mbili karibu na sahani ya wali ya kawaida ya hotelini na utaona jinsi sahani inavyozidi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na daktari wake, maana dawa imepangiwa chakula alichokuwa akila.

Vipo pia vyakula vinavyojipima vyenyewe, na ajabu ni kwamba baadhi yake ndivyo tunavyoviogopa. Nyama choma inanunuliwa kwa mizani, mbele ya macho yako. Nusu kilo ya mbuzi, ikipimwa mbichi pamoja na mifupa, ikitoka kwenye moto nyama inayoliwa ni gramu 200 na kidogo, kalori kama 300 au 350, na mara nyingi mnakula wawili. Mishikaki ya Forodhani inahesabika kwa vijiti. Samaki wa kuchoma ni mmoja. Kinachoharibu hesabu ya nyama choma ni vinavyoisindikiza: chipsi za kusubiria, na bia. Chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida ina karibu kalori 200, tatu ni 600, na hakuna anayesema amekula. Urojo wa Unguja upo kinyume cha mishikaki. Mchuzi wake ni mwepesi, lakini ndani yake huingia bajia, kachori, chipsi za muhogo, yai na nyama, kila kimoja kikitupiwa na muuzaji kwa kasi kuliko unavyoweza kusema inatosha. Kwenye urojo lazima useme mapema kipi kiingie.

Na ukishasema mapema mara kadhaa, unagundua kwamba hakuna mtu anayeshangaa kama ulivyoogopa. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, naomba wali nusu, maharage ya kutosha, mchicha uwe mwingi. Mchuzi weka kwenye bakuli."

"Nusu bei ni ileile, baba."

"Haina shida. Niongezee mchicha tu, au yai la kuchemsha kama lipo."

Jibu la mama huyo lina haki yake. Wali aliouacha kwenye sufuria umemwokolea pesa kidogo sana. Gharama yake kubwa ni nyama, mkaa na kodi ya eneo. Ndiyo maana kudai punguzo kwa nusu sahani huleta ugomvi, ilhali kudai mabadilishano hupokelewa. Kwenye migahawa yenye menyu hali ni ngumu kidogo, kwa sababu mhudumu anakuja na sahani iliyokwisha pangwa jikoni. Huko lugha inayoeleweka ni "tuletee moja, sahani mbili", au kuomba nusu ifungwe kabla chakula hakijaletwa mezani. Kikifungwa, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, hasa wali, maana kiporo cha wali kilichoshinda kwenye gari la Dar es Salaam kinaweza kukupeleka hospitali. Kuanza na supu nyepesi au mchemsho nako kunasaidia: katika utafiti mwingine wa timu ya Rolls, wa mwaka 2007, walioanza na supu walipunguza mlo mzima wa mchana kwa asilimia 20, supu yenyewe ikiwa imehesabiwa. Walikunywa supu bila chapati, bila shaka.

Kwenye benchi hilohilo anakaa mbeba mizigo aliyeshusha magunia tangu alfajiri. Sahani ya kalori 1,000 kwake ni mafuta ya kazi, na mama lishe aliyeizoeza mikono yake kupakua kwa ajili yake hajakosea. Sahani ile iliumbwa kwa mtu huyo. Karani aliyekaa karibu naye, ambaye tangu asubuhi amenyanyuka mara moja kwenda kuchapisha karatasi, ndiye anayetakiwa kufungua mdomo, na shilingi aliyotarajia kuokoa kwenye wali aihamishie kwenye dagaa au kipande cha pili cha samaki.